Bakuli la Dola Nane

Mama alipoliona bakuli langu kwa mara ya kwanza, kupitia kamera ya simu, aliuliza swali ambalo watu wa nyumbani lazima waulize. "Hilo umenunua shilingi ngapi?" Nikamjibu bila hata kufikiri, "Dola nane, mama." Akaridhika, tukaendelea na habari za mvua na za mjomba. Bakuli lile nilikuwa nimelinunua dola 380 za Australia, zaidi ya laki sita za kwetu. Na wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemwandikia mdogo wangu wa kiume kwamba pesa yake ya ada ya chuo ingechelewa kidogo kwa sababu zamu zimepungua. Zamu hazikuwa zimepungua.

Najua siko peke yangu. Wengi wetu tulio nje tuna kitu chetu cha dola nane. Kuna dada mmoja hapa Sydney ana viatu, kuna kaka ana lenzi za kamera. Mimi nina vyombo vya udongo vya Kijapani vya siku hizi, ambavyo kila kimoja kimefinyangwa na mtu mmoja kwenye karakana yake, si vya kiwandani. Nimeamua kuvieleza hapa pamoja na ule uongo, maana mama ameshajua.

Ilianza kwa dola nne, na hizo zilikuwa nne kweli. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku mwezi wa Julai, ambao huku ndio wenyewe wa baridi. Nikaingia duka la mitumba la kanisa, Marrickville, kutafuta joto kuliko kutafuta kitu. Katikati ya vikombe vyenye picha za koala kulikuwa na kimoja kisicho na mkono, cha rangi ya kahawia kama kilichomwagiwa majivu, kimeelemea kidogo upande mmoja. Nilipokishika, kidole gumba kikaingia kwenye kibonyeo. Aliyekifinyanga aliacha kidole chake pale, na changu kikaenea. Usiku kucha nilikuwa nimeshika watu kwa glavu. Sijui niseme nini zaidi, ila nilikaa na kile kikombe muda mrefu mpaka mama wa dukani akaja kuniuliza kama niko sawa.

Nimekulia Kyela, upande wa Ziwa Nyasa. Kwetu vyungu vinatoka kwa Wakisi. Akina mama wa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na milima ya Livingstone, wanafinyanga, wanachoma, wanapakia kwenye mitumbwi na kuleta Matema kuuza. Hawatumii gurudumu la mguu wala la umeme. Udongo unakaa juu ya kigae, na kigae kinazungushwa kwa mkono. Mimi nilipokuwa mtoto sikuviona kama kitu. Nilipokuwa chuo cha uuguzi nilirudi likizo na sufuria tatu za alumini, nikamwambia mama avitupe vyungu, vinajaza masizi. Hakuvitupa. Alivihamishia jiko la nje na kuendelea kupikia maharage huko, sufuria zangu akazitundika ukutani wageni wazione.

Kile kikombe kilinipeleka maktaba, na maktaba ikanipeleka Art Gallery of New South Wales, ambako kuangalia makusanyo yao ya kudumu ni bure. Wanafunzi mnaosoma hapa, tumieni nafasi hiyo. Nilianza kusoma kwenye treni kwenda kazini, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba vyombo hivi vya "kisasa" vilianza kwa watu kuwasifu wafinyanzi wa kijijini. Mwaka 1925 mwandishi Yanagi Soetsu na wafinyanzi wawili, Hamada Shoji na Kawai Kanjiro, walitunga neno mingei, yaani sanaa ya watu wa kawaida. Walisema uzuri wa kweli uko kwenye bakuli la wali lililotengenezwa na mtu asiyejulikana, kwa ajili ya mtu asiyejulikana, na likatumika kila siku. Mwaka 1936 wakafungua jumba lao la makumbusho Tokyo. Hamada hata hakuwa akitia jina kwenye vyombo vyake. Aliandika kwenye sanduku tu. Mwaka 1955 serikali ya Japani ikamtangaza kuwa miongoni mwa wale wanaoitwa Hazina Hai za Taifa, na leo bakuli lake ni la matajiri. Hapo mimi huwa nacheka. Watu waliomsifu mkulima asiye na jina ndio ambao sasa majina yao yanapandisha bei.

Hamada alikuwa amewahi kuishi Uingereza. Mwaka 1920 alifuatana na mfinyanzi Bernard Leach mpaka St Ives, wakajenga tanuri pale. Leach akapata mwanafunzi Mwingereza, Michael Cardew. Mshikeni huyu Cardew, maana ndiye anayetuhusu. Miaka ya 1950 alikuwa Abuja, Nigeria, akiendesha kituo cha kufundisha ufinyanzi, na huko ndiko Ladi Kwali, mfinyanzi wa kijijini, alikojulikana dunia nzima. Miaka ya 1970 msichana mmoja wa Kenya akaenda Abuja kujifunza kufinyanga kwa mkono. Ni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye leo ni mmoja wa wafinyanzi wakubwa kabisa walio hai. Mwanafunzi mwingine wa Cardew, Ivan McMeekin, alirudi kwao Australia akaanzisha karakana ya ufinyanzi Sturt, Mittagong, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa Sydney. Mwaka 1966 akafika hapo Mjapani Shiga Shigeo, akabaki Australia zaidi ya miaka kumi. Ndiyo maana vyombo vya Shiga hujitokeza kwenye minada ya hapa, wazee wanapofariki na watoto wanapouza vya kabatini. Ninacho kimoja, chupa ndogo ya maua.

Na yuko Peter Rushforth. Huyu alikuwa askari wa Australia, akatekwa na Wajapani wakati wa vita, akafanyishwa kazi kwenye reli ya Burma, ambako wenzake wengi walikufa. Alipotoka akawa mfinyanzi, akafundisha Sydney miaka mingi, na katika miaka ya 1960 akaenda Japani mwenyewe, kwa hiari yake, kujifunza kwao. Nimewauguza watu waliobeba chuki ndogo kuliko hiyo kwa miaka hamsini. Kila nikisoma habari zake nafunga kitabu kwanza.

Rafiki yangu wa Lamu nilipomsimulia haya yote alinicheka. "Nyie wa bara mmechelewa." Kwao nyumba za mawe za zamani zina zidaka, vile vijishubaka vilivyopangwa ukutani safu kwa safu, na humo ndimo walimoweka sahani na mabakuli yaliyovuka bahari kutoka China. Hata makaburi ya Kunduchi, Dar es Salaam, yalipambwa kwa sahani za namna hiyo. Na neno lenyewe tunalotumia, kauri, limetoka kwenye ganda la baharini. Kwa hiyo, alisema, mtu wa kwetu kutumia pesa kwa bakuli la Asia si ugonjwa mpya. Nilifarijika, ingawa nilijua wale wa Lamu hawakumwambia mtu kuwa limenunuliwa dola nane. Waliliweka ukutani kusudi bei ionekane.

Kuhusu kununua, nitasema machache. Chombo kizuri cha Kijapani mara nyingi huja na sanduku la mbao nyepesi, na mfinyanzi huandika kwenye mfuniko ni chombo gani na jina lake, akagonga muhuri. Sanduku likipotea, bei hushuka sana. Lakini sanduku si chombo. Nilishawahi kununua mnadani kikombe cha chai ndani ya sanduku la kupendeza, nikampelekea mwenzangu kazini, Mjapani, anisomee. Akasoma, akaniangalia kwa huruma. "Dada, hapa pameandikwa chombo cha maua." Tangu siku hiyo napindua chombo kwanza, natazama kitako. Kwenye kitako ndiko udongo unabaki uchi, ndiko unaona kama mtu alikata kwa haraka au kwa kusitasita, na kama mchanga wa tanuri umeshika. Juu mtu anaweza kukudanganya kwa rangi. Na kama pesa ni kidogo, nenda siku wafinyanzi wanapofungua karakana zao, ulizia vyenye kasoro. Mfinyanzi hulia gaeni, na hivyo vyenye kasoro ndivyo wanavyolia wenyewe.

Sasa bakuli lenyewe. Ni la Hagi, mji wa pwani magharibi mwa Japani. Ufinyanzi wa Hagi ulianzishwa na Wakorea waliochukuliwa na majeshi ya Japani katika vita vya 1592 hadi 1598. Mabwana wa Kijapani walivitamani mno vyombo vya Korea mpaka wakawahamisha wafinyanzi wenyewe. Hao hawakuomba viza. Vizazi vyao vimeendelea kufinyanga huko, na Wajapani wanaokunywa chai ya sherehe huwa wanasema Raku ni la kwanza, Hagi la pili, Karatsu la tatu. Langu limetengenezwa na mfinyanzi aliye hai, asiye na sifa kubwa. Rangi yake ni kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na ukiliinamia unaona nyufa nyembamba kama nywele kwenye ule mpako wa juu unaong'aa. Si kasoro. Udongo wa Hagi haukazwi sana na moto, kwa hiyo hunywa. Chai inapita kwenye zile nyufa, mwaka hadi mwaka, na rangi inabadilika. Wenyewe wanaiita mabadiliko saba ya Hagi. Bakuli jipya linaweza hata kuvuja jasho mpaka lizoee.

Yote haya nilikuwa nimeyasoma, na nililiweka bakuli kabatini. Miaka miwili. Nililitumia mara tatu, kwa chai, nikiwa peke yangu.

Mwaka jana nilijifungua mtoto wa pili na mama akaja kunilea. Nilimwambia asibebe usipa wala mchele, watu wa uwanja wa ndege wa hapa hawana mchezo na vyakula, akaja na khanga na maneno. Siku ya tatu, akitafuta chombo cha kunipa uji, akafungua kabati. Alilichukua bakuli la Hagi, akalipima kwa mkono, akaligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama anavyofanya Matema. Mlio ukawa mzito, mfupi.

"Hili halijaiva," akasema. "Umepigwa, hata kwa hizo dola nane."

Nikanyamaza. Akalijaza uji. Kuanzia asubuhi hiyo likawa bakuli la uji, langu kwanza, baadaye lake, kwa sababu aliona linakaa na joto na haliunguzi mikono. Mezani likawa linaacha duara la unyevunyevu, naye analifuta na khanga bila kusema kitu.

Wiki iliyofuata akakikuta chungu cha Iga. Iga ni mji mwingine wa Japani, udongo wake unachimbwa mahali palipokuwa kitako cha Ziwa Biwa mamilioni ya miaka iliyopita, kabla ziwa halijahamia lilipo sasa. Una vitundu vitundu, unavumilia moto. Nilikuwa nimekinunua kipya nikaogopa kukiweka jikoni kisije kikapasuka. Mama hakuogopa. Alichemsha ndani yake uji mwepesi wa mchele, moto mdogo, akaucha upoe humo humo usiku kucha, asubuhi akaumwaga na kukisuuza. "Chungu kipya hakipikiwi kabla hakijanyweshwa uji," akaniambia, kama mtu anayemkumbusha mtoto kunawa. "Uji unaziba vitundu."

Nikaenda kuchukua karatasi ya maelekezo iliyokuja na chungu, nikamtafsiria. Kabla ya kutumia mara ya kwanza, pika uji wa mchele kwa moto mdogo, acha upoe kabisa, ndipo uoshe. Wajapani wana neno lake maalumu, medome, kuziba vitundu. Nilikuwa nimelijifunza neno hilo kwa miaka mitatu ya vitabu, na nikijivunia kulijua.

"Sasa hilo nalo ni la kuandika?" mama akauliza.

Maharage ya siku hiyo sijayala tena.

Uongo wangu ulikufa jikoni, wiki ya tano. Niliingia nikamkuta ameshika bakuli la Hagi chini ya bomba, anasugua zile nyufa zilizoingia rangi, kwa waya wa kusugulia sufuria. Nikapiga kelele. Mtoto akaamka. Mama akafunga maji taratibu, akaliweka bakuli juu ya kitambaa, akageuka.

"Bakuli la dola nane halipigiwi kelele hivyo."

Nikamwambia. Nikamwambia na mwezi niliolinunua, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza na sikuona pa kusimamia. Akafikiri kidogo. "Ndio mwezi ule kaka yako alichelewa kujisajili, akapigwa faini." Nikasema sikujua habari za faini. "Hukuambiwa. Tulisema una shida ya zamu, tusikuongezee. Nilitoa gunia la mpunga nikailipa."

Nilikaa kwenye kiti cha mtoto. Yeye akaendelea kukausha vyombo.

"Bibi yako," akasema baadaye, "alikuwa akinunua chungu kwa kukijaza mpunga. Mkisi anaweka chungu chini, bibi yako anamimina. Kikijaa, biashara imekwisha, kila mtu anachukua chake. Wewe hili umelijaza gunia zima."

Hakunigombeza zaidi ya hapo, na ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Alilifuta bakuli, akalipandisha juu ya friji mbali na mikono ya Lusajo, mwanangu mkubwa, na asubuhi yake akanywa uji kwenye kibakuli cha plastiki chenye picha ya dinosaria. Nilimsihi. Nilimweleza habari za Yanagi na Hamada, kwamba watu hawa walisema chombo ni cha kutumiwa, kwamba Hagi linanona kwa kutumiwa, kwamba yeye mwenyewe kwa wiki tano alikuwa amelipa rangi kuliko mimi kwa miaka miwili. Alinisikiliza kwa adabu. "Sawa, mwanangu. Lakini mimi sasa nikilishika naona gunia." Mpaka anaondoka, wiki saba zaidi, hakulinywea tena.

Niliuza vyombo vitatu, ile chupa ya Shiga nikabaki nayo. Pesa nikamtumia mdogo wangu pamoja na barua ndefu kuliko hii. Alijibu kwa mstari mmoja, ndivyo alivyo, kwamba ameshasahau. Sidhani kama amesahau. Kununua sijaacha, sitawadanganya na ninyi, ila siku hizi mume wangu anajua bei, na sinunui kitu ambacho sitakilia chakula wiki hiyo hiyo.

Bakuli nililishusha siku tuliyomsindikiza mama uwanja wa ndege. Upande mmoja wa mdomo, pale alipokuwa akiweka midomo yake, nyufa zimekuwa kahawia, na chini kidogo kuna alama nyepesi ya ule waya. Nanywea upande huo.

Mwezi uliopita alinitumia picha. Alikuwa amekwenda Matema, kanunua chungu cha Kikisi, kikubwa, chekundu shingoni, anataka kumpa mtu anayekuja Sydney aniletee. Nikapiga simu mara moja. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, halafu nikauliza ni shilingi ngapi, nimrudishie.

Nikamsikia anacheka kabla hajajibu.

"Dola nane, mwanangu."